Maneno Aliyopewa Zélie

Delphine Noskiye ana mdomo usio na breki. Hayo ni maneno ya binti yake Lorna, na Delphine mwenyewe hakatai. Ukiingia jikoni kwake pale Mto Kunguru, kabla hujamaliza kuvua viatu ameshakuuliza umekula nini, umelala wapi, na yule mumeo aliyeteguka mguu amepona au bado anautumia kuombea huruma. Anaongea na jirani, anaongea na mbwa, anabishana na redio. Kijana wa kusoma mita ya umeme alikuja mara moja kwa kazi ya dakika tano, akaondoka baada ya saa mbili akiwa ameshiba mkate wa kukaanga na anajua ukoo mzima wa akina Noskiye.

"Mama, mwache mtu apumue," Lorna alisema siku ile.

"Si anapumua? Mwanangu, unapumua?"

"Napumua, Bibi."

"Haya. Umeona? Kula."

Watu humcheka, naye hujicheka kuliko wote. Lakini katika maneno yote aliyoyamwaga tangu azaliwe, na ni mengi, kuna sentensi tatu alizozisema akiwa na miaka kumi na tatu ambazo hakuwahi kumsimulia mtu. Kwa miaka sitini alizibeba kimya kifuani. Kila asubuhi alitoka nje na kikombe chake cha chai, iwe theluji iwe mbu, akaomba jambo moja tu: sentensi zile tatu ziwe zilimfikia kaka yake.

Kaka yake aliitwa Gervais. Alimtangulia kwa miaka miwili. Walipokuwa wadogo walipigana kama paka, mpaka mama yao akawa anawapa kazi pande mbili tofauti za nyumba. Delphine aligombea naye kipande cha mafuta ya dubu, akamng'ata mkono, na lile kovu Gervais alilionyesha kwa wageni kwa majivuno. Mwaka Delphine alipotimiza miaka sita, kaka yake akiwa na minane, lori lilikuja Septemba na polisi akiwa ameketi mbele, likawachukua wote wawili kwenda Misheni. Mwendo wa siku mbili kwa miguu. Shule, waliiita. Kuna mengi mtu anaweza kuyaita shule akiamua.

Kule wasichana walikuwa upande mmoja na wavulana upande wa pili, na katikati uzio wa waya. Delphine akawa namba thelathini na nane. Nywele zilikatwa, nguo alizoshonewa na bibi yake zikatiwa motoni, na ukisikika ukisema Kikrii, lugha yetu wenyeji, mdomo wako ulisuguliwa kwa sabuni ya kufulia. Alijifunza kuosha sakafu, kukamua ng'ombe, kupiga pasi mashuka ya mapadri, na kula uji wa shayiri uliochacha bila kukunja uso. Gervais, Delphine alimwona kanisani tu, Jumapili, kisogo chake safu ya tatu upande wa wanaume. Miaka mingi alimjua kaka yake kwa kisogo. Julai na Agosti waliachiliwa kwenda nyumbani, na hiyo miezi miwili ndiyo iliyowafanya wabaki watu.

Kiangazi alichotimiza miaka kumi na tatu Delphine alivunja ungo. Bibi yake, mama mzaa mama, mwanamke mfupi mwenye amri, alimkalisha peke yake siku nne kwenye kibanda nyuma ya nyumba, akimshonesha na kumfundisha. Siku ya nne akamwambia yale ambayo kwetu kila msichana wa zamani aliambiwa.

"Sasa wewe ni mwanamke. Kuanzia leo kaka yako humtazami usoni. Humwiti jina. Humsemeshi mdomo kwa mdomo. Ukiwa na neno naye, mtume mtoto."

"Hata akinikanyaga mguu?"

"Hata akikukanyaga mguu."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu unampenda. Usiyempenda mropokee upendavyo, nani atajali? Kaka yako ni mtu wa heshima kwako, nawe kwake. Atakufa kabla hajakuacha ukadhalilika. Naye akijua unamheshimu, hataenda popote bila wewe kujua."

Delphine alidhani Gervais ataangua kicheko. Hakucheka. Asubuhi alipotoka kibandani alikuta bata wawili wameninginizwa mlangoni, wamenyonyolewa safi, wala hakuna aliyesema nani kawaleta. Delphine naye akakaa chini akamshonea makubadhi ya ngozi iliyofukizwa, akayatia shanga za bluu, akampa mama yake ampelekee. Gervais aliyavaa kiangazi kizima. Hawakusemezana tena, na Delphine anasema hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda kaka yake mwezi ule. Ilikuwa kama wamepewa siri ya watu wazima waibebe wawili.

Septemba lori likaja. Makubadhi yakaenda motoni pamoja na vingine vyote. Lakini mwiko wao haukuwa kitu cha kuvaliwa, haukuonekana, hakuna sista aliyeweza kuuvua na kuutupa jikoni. Delphine alirudi Misheni akijua ana kitu chao kimoja ambacho hawatakipata.

Walikaribia kukipata Mwaka Mpya. Baba na mama yao walikuja kwa farasi na gari la kuburuta thelujini, wakaruhusiwa nusu saa kwenye chumba cha wageni. Sista Marie-Odile alikaa pembeni na saa yake. Mama alikuwa amekonda na anakohoa kwenye kitambaa. Delphine akaketi kushoto kwake, Gervais kulia, kila mmoja anatazama ukuta wake.

Sista aliwaangalia. "Hamsalimiani? Mtu na ndugu yake?"

Kila mmoja aliendelea kutazama ukuta wake.

"Delphine. Mwangalie kaka yako umsalimie kama binadamu."

Delphine aliinamisha kichwa. Mama alijaribu kueleza, kwa Kikrii na kwa mikono, kwamba watoto hawa hawagombani, wanaheshimiana. Sista hakuelewa wala hakutaka. "Miaka saba hapa," alisema, "na bado ni wanyama." Akainuka akampiga Delphine kofi la uso mbele ya wazazi wake. Baba alitazama kofia yake mapajani. Angefanya nini? Wangemfungia nje, na watoto wangebaki ndani.

Ndipo Gervais alipozungumza. Alisema kwa Kikrii, sauti ya kawaida tu, macho dirishani. "Mama, mwambie dada yangu hajaniaibisha. Mwambie nimejivuna."

Mama akamgeukia Delphine akamwambia, "Kaka yako anasema hujamwaibisha. Anajivuna." Maneno yale Gervais aliyalipia kwa mkanda jioni ile, na Delphine alitembea nayo Januari nzima kama mtu aliyevaa koti jipya.

Sasa inakuja Jumapili moja ya Februari, ambayo Delphine mwenyewe aliisimulia hatimaye uzeeni.

Gervais alikuwa akifanya kazi zizini. Asubuhi ile alimsikia Bruda Anselme akimwambia mwenzake kwamba mke wa Noskiye wa Mto Kunguru hamalizi mwezi, kifua kimeisha. Barua ilikuwa imefika tangu Jumatano. Padri mkuu aliona ni busara watoto wasiambiwe, wasije wakavurugika na masomo. Delphine hakujua lolote la hayo. Alikuja kujua Juni, kutoka kwa mvulana mwingine wa zizini.

Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na nusu saa ya kucheza nje kabla ya Baraka ya Sakramenti. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Wasichana walikuwa wamejikusanya ukutani wanapigapiga miguu. Mara sauti ikatoka upande wa uzio.

"Delphine!"

Alikuwa Gervais. Ameshika waya kwa mikono miwili, amemkazia macho, na amemwita kwa jina mbele ya watu wote.

Mtu wa mbali hawezi kujua lile lilikuwa jambo la namna gani. Wasichana wakubwa, wote Wakrii, waliziba midomo. Mmoja akacheka. "Loo! Delphine, kaka yako keshakuwa mzungu!"

"Keshasahau adabu," akasema mwingine. "Kesho atakuomba busu."

Uso ukamwaka Delphine. Alifikiria kofi la Mwaka Mpya, alilolila ili asimtazame. Alifikiria vile vyote vilivyokwisha chomwa. Akajisemea: wamempata. Hata yeye wamempata. Na kwa hasira, na kwa aibu, na kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, akamgeuzia mgongo.

"Delphine, geuka! Nisikilize!"

Hakugeuka. Alisimama anatazama matofali ya ukuta na kuyahesabu. Kaka yake aliita mara ya tatu, jina tu, bila sauti kubwa, kisha akanyamaza.

Ni pale aliponyamaza ndipo akili ilipomrudia. Gervais si mtu wa kusahau. Mtu kama yule akivunja mwiko, kuna jambo. Akatafuta mtoto. Zélie alikuwa pale, binti wa miaka saba wa palepale Mto Kunguru, kitoto chenye mafua yasiyokwisha ambacho Delphine alikuwa akikivisha soksi na kukifuta pua. Akainama akamnong'oneza kwa Kikrii, haraka.

"Mwambie kaka yangu asiondoke. Angoje nyuma ya kibanda cha pampu. Baraka ikiisha ninakuja."

"Asiondoke, angoje nyuma ya pampu, Baraka ikiisha unakuja," Zélie akarudia.

"Kimbia."

Zélie akakimbia kuelekea kwenye rundo la kuni, ambako waya ulikuwa na tundu la kupita mtoto. Kengele ikalia. Wasichana wakapangwa mstari. Delphine alipopata nafasi ya kutupa jicho uzioni hapakuwa na mtu.

Kanisani safu ya tatu ilikuwa na pengo. Hakukuwa na kisogo. Delphine aliimba Kilatini chote kilichotakiwa na hakusikia hata neno moja. Baraka ilipokwisha alielekea mlangoni, na pale mlangoni alisimama Sista Marie-Odile na funguo. Upepo ulikuwa umegeuka, theluji inavuma kutoka ziwani, mtu huoni hatua kumi. Hakuna kutoka tena leo, alisema sista, akafunga.

"Sista, naomba kwenda chooni."

"Choo kipo ndani."

Hakuomba tena. Angeweza kusema: kaka yangu yuko nje. Amejiuliza swali hilo kwa miaka mingi kuliko umri wa watu wengi, na jibu lake ni lilelile la mtoto wa miaka kumi na tatu. Angesema, Gervais angepigwa mkanda mbele ya wote kwa kukosa Baraka. Halafu alijiambia kwamba mtu mwenye akili akiona dhoruba ataingia ndani. Zélie naye Delphine hakumwona tena jioni ile. Walisema amelala chumba cha wagonjwa.

Asubuhi, baada ya sala, Padri mkuu alitangaza kwamba namba kumi na tisa, ndiye Gervais, alitoroka Jumapili mchana, na kwamba watoto wamwombee kwa sababu ya ukaidi wake. Wiki hiyohiyo Zélie alipelekwa kusini, hospitali ya kifua kikuu, na hakurudi. Wengi waliokwenda kule hawakurudi.

Basi ndiyo hesabu aliyobaki nayo Delphine. Kama Gervais aliondoka Jumapili mchana, basi hakungoja. Kama hakungoja, huenda Zélie hakumfikia. Na kama Zélie hakumfikia, basi kitu cha mwisho kaka yake alichokiona cha dada yake kilikuwa mgongo.

Mwisho wa Juni baba alikuja kumchukua peke yake kwa likizo. Mama alikuwa amezikwa tangu mwisho wa Februari. Padri mkuu alimkaribisha baba ofisini, akamwambia kijana alikimbilia porini, mapenzi ya Mungu. Baba akamrudisha Delphine nyumbani, akafunga mzigo, akaondoka kutafuta mifupa ya mwanawe. Kiangazi chote alipita njia ile ya kutoka Misheni mpaka Mto Kunguru, siku mbili kwenda na siku mbili kurudi, akiinua kila gogo na kuchungulia kila korongo. Kiangazi cha pili pia. Alirudi na kifungo cha koti, akakiweka mezani, akamwuliza Delphine kama ni cha Gervais. Hakikuwa cha Gervais. Baada ya hapo baba alianza kunywa, na baba huyo mlevi Delphine hataki kumwongelea.

Bibi alimkuta analia, akamwuliza kwa upole, "Ulimheshimu kaka yako, lakini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi amekwenda na heshima yake."

Delphine alifuta uso akaenda kuteka maji.

Alitoka Misheni kabisa akiwa na miaka kumi na sita. Aliolewa na Alcide, mtega mitego mpole aliyependa kucheza fidla na kuungua mikono akipika, wakazaa watatu. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitali ya mjini kwa miaka ishirini na sita. Kufua alikuwa amefundishwa vizuri, alisema, hilo mtu asimnyime. Alicheka sana. Alipika kwa ajili ya misiba yote. Lakini nyumbani kwake alifanya jambo lililomuumiza bibi yake mpaka kaburini: Lorna alipovunja ungo, Delphine hakumkalisha siku nne, wala hakumfundisha mwiko wa kaka. Aliwaketisha Lorna na kaka zake meza moja.

"Humu ndani watu wanasemezana," aliwaambia. "Mtu akikuita, unageuka. Umesikia? Nikimkuta mtu amempa mwenziwe mgongo, nitamchapa mimi mwenyewe."

"Delphine," bibi alisema, na alikuwa kizee sana wakati huo, "wale masista walikupiga miaka kumi hawakuweza kukuondolea jambo hili. Sasa unaliondoa mwenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini, mwanangu?"

Bibi alikufa akidhani Misheni ilishinda. Kwa upande mmoja, ilishinda kweli, na Delphine ndiye aliyeimalizia kazi. Analijua hilo. Lorna na kaka zake hupigana vikumbo na kuitana majina ya ajabu, na kila akiwasikia hufurahi na huumia kwa pamoja.

Misheni ilifungwa, ikabomolewa. Ikabaki mashimo ya misingi kwenye majani, na nyuma, zege la kibanda cha pampu. Miaka ya karibuni watu waliosoma pale walianza kukutana kila Julai. Wanapiga mahema, wanakaanga mikate, wanakunywa chai nyingi, wengine wanazungumza na wengine wanakaa tu. Delphine alikataa kwenda mpaka alipokuwa na miaka sabini na minne. Mwaka ule Lorna alimpakia kwenye pikapu kwa lazima.

"Utaongea na watu mia tatu, Mama. Si ndiyo peponi kwako?"

Siku ya pili, mchana, Delphine alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akimkosoa mwanamke mmoja jinsi anavyogeuza mkate, mara mwanamke mwingine akasimama mbele yake. Mwembamba, anatembea kwa fimbo, kavaa koti la mjini, nywele fupi nyeupe. Alizungumza kwa Kiingereza.

"Wewe ni Delphine Noskiye?"

"Nikiwa siye, nani atanikubali? Vuta kiti. Umekula?"

Yule mwanamke hakuketi. "Mimi ni Zélie."

Delphine aliinuka, akakaa, akainuka tena. Lorna, aliyekuwa kwenye pikapu, anasema hajawahi kumwona mama yake akiishiwa maneno, akadhani ni kiharusi. Wazee wale wawili walishikana mikono, na kwa muda mrefu Delphine aliweza kusema, "Kitoto changu. Kitoto changu. Pua yako," tu, na kumpapasa uso.

Wakakaa. Zélie alieleza: miaka minne hospitali kusini, halafu familia ya wazungu, halafu mji, halafu kazi ya kiwandani, mume, talaka. Kikrii chote kilimtoka. Hakuweza hata kusalimia. Kila Julai kwa miaka sita alikuwa akiendesha gari mpaka kwenye njia panda ya Misheni, anazima injini, anageuza, anarudi.

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Kwa sababu ungekuwepo."

Delphine akamshika mkono kwa nguvu. Sasa akauliza alichokibeba kwa miaka sitini. "Niambie tu. Niambie na mimi nife salama. Jumapili ile nilikutuma. Ulimfikia?"

Zélie alifumba macho. Kisha mwanamke yule asiyejua hata kuomba maji kwa lugha ya mama yake akafungua mdomo, na kikatoka Kikrii, safi, chenye lafudhi ya Mto Kunguru, kwa ulimi wa mtoto wa miaka saba.

"Asiondoke. Angoje nyuma ya kibanda cha pampu. Baraka ikiisha ninakuja."

"Ulimfikia," Delphine alisema. "Ee Mungu. Ulimfikia." Machozi yalimtiririka na alikuwa anacheka. "Alisikia. Alijua sikumdharau. Ulimfikia!"

"Nilimfikia."

"Alisema nini?"

"Alifurahi. Alicheka. Alisema—" na Zélie akarudi tena kwenye Kikrii kile cha kitoto. "Alisema, 'Mwambie dada yangu nitangoja. Siendi bila yeye.'"

Kwa muda mfupi Delphine alikuwa na kila alichokiomba. Lorna aliuona uso wa mama yake na anasema ulikuwa uso wa msichana.

Halafu ukabadilika polepole, kwa kuwa Zélie alikuwa bado amefumba macho na hakuwa amemaliza.

"Nilirudi nikuletee jibu, sista akanikamata kwenye lile tundu. Alinisikia nikiyarudia njiani nisiyasahau. Akanisugua mdomo, akanifungia chumba cha wagonjwa. Dirisha lake lilitazama nyuma. Nilimwona, dada. Alisimama pale ukutani pa kibanda. Dhoruba ikaja, akawa anapotea, nikidhani ameondoka, halafu theluji inapungua kidogo namwona. Alikuwa anarukaruka kujipasha moto. Baadaye akakaa chini."

"Alikaa."

"Akakaa, mgongo ukutani. Anatazama mlango wa kanisa."

Pembeni mtu aliuliza kama kuna anayetaka chai zaidi.

"Mpaka saa ngapi?" Delphine aliuliza.

"Kengele ya chakula cha jioni ilipolia bado alikuwepo. Sista aliniletea supu. Nikanywa. Sikumwambia. Niliogopa sabuni." Zélie alifumbua macho. "Asubuhi bruda na wavulana wawili wakubwa walikuja na gari la kuburuta na blanketi ya farasi. Hawakwenda njia ya porini. Walikwenda huku nyuma, kwenye miti. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na miaka saba, na baadaye nilikuwa na miaka thelathini, na bado sikumwambia mtu."

Delphine alimvuta Zélie kifuani kama anavyovutwa mtoto, akamwambia lile ambalo lilitakiwa kusemwa, na alilisema kwa ukweli wote alionao. "Nilikutuma, ukaenda. Ulifanya vile vile nilivyokuambia. Huna kosa, mdogo wangu. Huna kosa hata moja." Akamshika hivyo mchana kutwa. Jioni alimlisha, na walipoondoka akamchukua kwenye pikapu akamleta Mto Kunguru. Zélie alikaa naye wiki tatu. Huja kila mwaka, na kila akija Delphine humkalisha kwenye kiti kizuri na kumpigia soga mpaka acheke.

Kule kwenye miti, nyuma ya zege la pampu, vijana wa kwetu wamepita na mashine za kuchungulia ardhi. Zilionyesha makaburi mahali pengi. Hakuna anayejua lipi ni la Gervais, kwa hiyo Delphine huenda na tumbaku ya sadaka na kuiweka kidogo kidogo pote. Baba yake alipita hatua mia mbili kutoka pale, viangazi viwili, akienda kutafuta porini.

Sasa Delphine ana miaka themanini na mbili. Bado anatoka nje kila asubuhi na kikombe chake cha chai, na Lorna, anayelala chumba cha mbele, humsikia kupitia dirishani. Ombi lake la miaka sitini lilijibiwa, lakini hashukuru. Anamwomba Mungu, kwa Kikrii, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba Zélie awe alikosea. Kwamba mtoto yule mwenye mafua alichoka njiani, akasahau, akacheza na theluji, na maneno yasifike. Na kwamba Gervais auone mgongo wa dada yake, akasirike, ashike njia ya nyumbani kwa mama kabla upepo haujageuka.